Alichokipata Nesi wa Ng'ambo

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki na shule yangu ikaishia hapohapo, darasa la tatu. Ndipo shida ilipoanza. Nilitoka kijijini kwetu Kwihara kwa miguu nikaja mjini Tabora kubeba mizigo stesheni, na yote yaliyofuata niliyafanya kwa mikono hii, bila barua ya mkubwa wala mjomba serikalini. Nayasema mapema ili ajulikane anayesema ni nani. Mimi ni mtu wa mizani na magunia. Kitu nakielewa nikikinyanyua.

Sasa kuna mtu mmoja nimemjua zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kumwelewa. Ni nesi. Jina analo, lakini sisi wa mtaa wa Ng'ambo hatukulitumia, tulimwita Nesi tu, hata walipokuwapo manesi wengine kumi. Hao wengine waliitwa nesi fulani, nesi mrefu, nesi wa meno. Yeye alikuwa Nesi. Alikozaliwa hasa sikumwuliza, na wazazi wake siwajui. Najua ni Mzaramo, na hilo lina maana yake, nitalifikia.

Ninamwandika kwa sababu ya mjukuu wangu Zuhura, niliyemlea mimi tangu binti yangu, mama yake, alipofariki. Mwaka huu Zuhura alipata nafasi chuo cha uuguzi. Fomu ilikaa mezani kwangu siku tisa, na pale pa saini ya mlezi palikuwa peupe. Mimi nilikuwa nimeshampangia kazi. Nilitaka asimamie mashine zangu za kusaga, maana kichwa anacho, na wanangu wa kiume wana midomo tu. Akaniambia kwa adabu, babu, ukikataa siendi, na mashine nitazisimamia, ila usiniulize kama nimefurahi. Nikakasirika. Halafu kila nikipita mezani nikawa najiuliza, hii kazi inampa mtu nini? Na mtu wa kazi hiyo niliyemjua vizuri ni mmoja.

Nilikutana naye mara ya kwanza kreti la soda liliponiponda mguu pale stesheni. Nilikuwa kijana wa kubeba, sina ndugu mjini, nikapelekwa hospitali kwa mkokoteni. Akauangalia mguu, akaniangalia mimi, akasema nitaje stesheni za reli kutoka Tabora kwenda Dar, kwa mpangilio, nisiruke hata moja. Nikadhani ananipima akili. Nikaanza: Igalula, Goweko, Nyahua, Malongwe, Tura. Nilipofika Tura nikahisi sindano. Kumbe ndivyo kazi yake ilivyokuwa. Alisema mtu wa Tabora mpaka Tura anataja bila kufikiri, baada ya Tura anaanza kutafuta, na akili ikienda kutafuta mwili unabaki peke yake, hapo ndipo unamchoma. Baadaye watu wakamjua. Wajanja walikuwa wanaanzia upande wa Kigoma. Naye akawahesabia upande huo pia.

Mikono yake ilikuwa mikavu na ya moto. Mdomo wake ulikuwa mchafu. Sisemi matusi ya aibu, nasema utani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu waliposhuka pwani na pembe za ndovu vichwani na kulala kwenye vijiji vyao njiani. Mtani akikusema hukasiriki. Unamjibu zaidi. Akichukua kofia yako humdai, akija msibani kwako anacheza na kuigiza marehemu na wewe uliyefiwa unacheka huku machozi yanatoka. Basi Nesi alifika huku akaikuta Tabora nzima imejaa watani wake, na akafanya kazi kwa utani kama fundi anavyofanya kwa nyundo. Mzee aliyekataa vidonge aliambiwa, vizuri, usimeze, nimeshachagua mbuzi nitakayemchukua kwenye matanga yako, yule mweusi. Mzee alimeza. Mwanamume aliyeona haya kuvua suruali ili atibiwe jipu aliambiwa wodi nzima ikisikia, "Ugonjwa hauna haya, Mnyamwezi. Haya unayo wewe, na hiyo hatuitibu hapa." Alivua.

Ajabu ni kwamba mtu huyuhuyu hawezi kuchinja kuku. Nimeona kwa macho yangu. Mtu aliyezalisha, aliyefunga vidonda vya kuoza, kila sikukuu anabisha hodi kwa jirani na kuku mkononi, uso kaugeuza pembeni, anaomba achinjiwe. Ukimwuliza anasema kuku hana kosa. Je, wagonjwa walikuwa na makosa?

Na pale bombani, enzi tulipokuwa tunapanga foleni ya ndoo, alikuwa mgomvi kuliko wote. Aliwahi kusukumana na mama mmoja mjamzito juu ya nani alitangulia, wakatupiana maneno mpaka mwenyekiti wa mtaa akaitwa. Siku ya tatu yule mama alishikwa na uchungu njiani, na aliyemzalisha ni Nesi, nyuma ya kibanda cha fundi cherehani, kanga nne zikishikiliwa kuzunguka. Wiki iliyofuata wakagombana tena bombani. Mtoto alikuwa mgongoni.

Salamu zetu hazikumwingia kichwani. Mwangaluka ni ya asubuhi, hata mgeni wa wiki moja anajua. Yeye aliisema asubuhi, mchana na jua likizama. Mtu aliyekariri dawa zote zile. Nafikiri alikuwa anafanya makusudi, lakini siwezi kuapa.

Kwa nini alichagua uuguzi, nimemwuliza mara tatu katika maisha yake, na mara tatu amenijibu tofauti. Mara ya kwanza alisema viatu. Alipokuwa msichana alimwona nesi amevaa viatu vyeupe wakati wa masika na havina tope, akataka kujua anakanyaga wapi. Mara ya pili alisema chakula, kwamba chuoni walipewa nyama siku mbili kwa wiki. Mara ya tatu akasema hakuchagua kitu, mwalimu aliandika jina lake kwenye orodha wakati yeye amekwenda kuchota maji. Mimi mtu akinipa bei tatu za mzigo mmoja najua ananificha kitu, au mzigo si wake.

Wenzake aliofanya nao kazi, mmoja alifungua duka la dawa, mwingine aliolewa na ofisa akahamia Mwanza. Yeye aliwahi kupewa uhamisho wa kwenda pwani, karibu na kwao, jambo ambalo watu huliombea dua. Akaenda kuukataa. Tukamwuliza sababu, akasema kule nyumbani hana watani, nani atamtukana? Alikuwa na mume, fundi wa reli, mtu mpole sana, alishafariki. Watoto wawili wako mbali. Nyumba yake ni vyumba viwili na ua wa makuti ya michikichi yaliyokauka. Nilimjengea hesabu hiyo kichwani wakati fomu iko mezani, na kila nilipoijumlisha haikunipa sababu ya kusaini.

Sasa nilifikie lile la utani.

Ilikuwa mimba ya kwanza ya mke wangu. Nilikuwa nimeshaacha kubeba, nanunua asali porini na kuiuza mjini kwa chupa, naanza kuonekana mtu. Tukaenda kliniki pamoja, jambo ambalo wanaume wengi hawakulifanya wakati ule, na mimi nilijisifu. Nesi akampima mke wangu, akaibonyeza miguu yake iliyovimba, akamwuliza kuhusu kichwa. Kisha akatoka naye barazani nilipokaa, na baraza limejaa watu. Akasema, "Wewe Mnyamwezi, mkeo anapumua kama treni inayopanda mlima wa Saranda. Mwache hapa leo alazwe. Au unangoja umbebe kichwani kama babu zako walivyobeba pembe?"

Watu wakacheka. Mimi nikasimama. Nikamjibu, "Babu zangu walizibeba pembe mpaka pwani, wakawakuta babu zako wamelala kivulini wanangoja waletewe. Na wewe leo umeifuata treni mpaka huku, unatafuta wa kukubeba."

Baraza likavunjika kwa kicheko. Wazee walipiga mapaja. Nesi mwenyewe alicheka, akanipungia mkono kama mtu aliyeshindwa. Nami nilikuwa nimeshinda, nilimshinda Nesi, Tabora nzima ingesikia. Nikamshika mke wangu mkono tukaondoka. Ningewezaje kumrudisha ndani baada ya jibu lile? Mtu akishamshinda mtani wake hawezi kugeuka na kufanya alichoambiwa. Nilijiambia nitamleta kesho, watu wakiwa wengine.

Kesho yake saa nne asubuhi mke wangu alianguka jikoni akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Kifafa cha mimba. Nilimleta kwa lori la magogo. Mtoto alizaliwa hana uhai, wa kiume. Mke wangu alilala siku tatu hajui yuko wapi. Mimi nilikuwa nje chini ya dirisha, wanaume hawakuruhusiwa ndani, na sikujua humo ndani nani anafanya nini.

Tulimzika mtoto Kwihara, watu wachache. Nesi alikuja. Alivaa baibui, akaketi kwenye mkeka na wanawake. Watu wote wakamtazama, maana mtani amefika, na mtani akifika msibani ana kazi yake. Akakaa kimya. Akaosha vyombo kimya, akaondoka kimya. Shangazi yangu akasema huyu ametudharau. Mimi sikujua kama ametudharau au amenihukumu. Sikumwuliza.

Tangu hapo akabadilika. Akiwa amevaa sare hakutania tena. Alizungumza na mgonjwa kama mtu anayesoma barua, neno kwa neno, na akimaliza anamtaka alirudie. Akisema "leo", alikuwa anamshika mtu kifundo cha mkono mpaka naye aseme "leo". Akivua sare, hapo njiani tu, ulimi ulirudi palepale. Watu walisema cheo kimempanda kichwani. Ni mimi peke yangu niliyejua siku cheo hicho kilipoanza, na nilinyamaza. Nilimpelekea ndoo ya asali mara moja. Akaipeleka wodini ikapakwa kwenye vidonda vya watu. Nilikasirika, ile ilikuwa asali ya nyuki wadogo, si ya kupaka.

Kwa hiyo ndiye niliyemwendea siku ya tisa ya fomu, Jumamosi, baada ya Alasiri. Nasema kweli, sikwenda kutafuta ushauri. Nilikwenda nikiwa na hakika kwamba atasema mwenyewe kwa kinywa chake kuwa kazi ile haikumpa kitu, nami nikamwambie Zuhura, haya, nimemsikia mwenye kazi.

Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, ungo wa mchicha mapajani, miguu ameiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amekonda. Nikampa shikamoo yake, kanizidi miaka kama kumi. Akaitikia, akaniambia nisogeze kigoda, tumbo langu linamzibia upepo. Nikamwambia nimekuja na swali na asinitanie.

"Nimestaafu," akasema. "Sasa natania saa zote. Uliza."

Nikamweleza habari za Zuhura, fomu, mashine zangu. Nikamwuliza, miaka yote ile umepata nini? Sikulizungusha. Akaendelea kuchambua mchicha, mabua huku, majani huku. Nikaona amekwama, na moyoni nikafurahi kidogo.

Kabla hajajibu, mama mmoja jirani akaingia mbio, mtoto begani, anasema mtoto ana homa tangu jana na sasa hataki kunyonya. Nesi hakuinuka. Akamwita karibu, akaweka kiganja nyuma ya shingo ya mtoto, akavuta kope moja, akabonyeza utosi kwa kidole. Akamwambia hapa si hospitali na yeye si nesi tena, aende sasa hivi, asipite nyumbani kuchukua kanga, kanga nyingine hii hapa. Akanigeukia, "Na wewe mwenye pesa, mwitie bodaboda." Nikaita. Mama akapanda, wakaondoka. Ndipo Nesi akainuka, na miguu ile, akashika nguzo ya ua akatazama njia. Pikipiki ilikuwa imeshapotea kwenye kona. Yeye akaendelea kutazama. Nilikaa nikijiuliza anaangalia nini, maana njia ilikuwa tupu.

Aliporudi kukaa, nikasema jambo ambalo sikulipanga. Nikasema siku ile barazani nilikujibu vibaya.

"Ulinijibu vizuri," akasema. "Ndiyo shida. Mimi nilikuwa najua miguu ile ina nini. Nilikuwa najua. Na nilicheka."

Miaka yote nilidhani lile kosa ni langu peke yangu, nimelibeba kama mtu aliyefunga mzigo wake mwenyewe. Kumbe upande wa pili kulikuwa na mtu ameushika. Sikujua kama nifurahi au nione haya. Nilikuwa hata sijui niangalie wapi, nikaangalia mchicha.

Akaniuliza mke wangu yuko wapi. Nikasema nyumbani. Anafanya nini? Nikasema analalamika magoti, atakuwa anafanya nini tena? Asubuhi magoti, jioni magoti, mvua ikikaribia ndiyo hatulali. Nesi akaanza kucheka. Si kile kicheko chake cha barazani, alicheka taratibu mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Ameanza lini?"

"Mwaka wa tano huu."

"Mwaka wa tano," akasema, kama mtu aliyeletewa habari za harusi. Kisha akasema, "Mtoto wenu aliniponyoka. Mama yake nilikaa naye siku mbili na nusu, nikamshika ulimi asiung'ate, wenzangu wakaniambia nenda nyumbani, huyu amekwisha. Sikumwachia. Leo ana magoti ya kizee. Na wewe unakuja hapa kuniuliza nimepata nini, na magoti hayo unalala nayo?"

Nilitoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Njia nzima nilikuwa nalinyanyua lile neno na halina pa kushika. Magoti ni ya mke wangu. Maumivu ni yake. Dawa ya kuchua nanunua mimi. Sasa Nesi amepata nini hapo? Mtu anawezaje kulipwa kwa kitu kilicho nyumbani kwa mtu mwingine? Mimi gunia likiwa kwako ni lako. Nikaligeuza hivi, nikaligeuza vile. Tena sikuwahi kujua habari ya siku mbili na nusu. Mke wangu mwenyewe haijui, alikuwa hajitambui. Watu wawili tu ndio waliokesha mle ndani, na mmoja hakuwapo.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anajichua na kuisema kama anavyoisema kila siku. Kwa kawaida napita. Siku hiyo nikasimama.

"Unaangalia nini?" akaniuliza.

"Magoti."

"Yamefanya nini?"

"Hayajafanya kitu. Endelea."

Akaniona nimeanza wazimu. Akaendelea. Nilisimama pale nikamsikiliza mpaka akachoka yeye.

Kisha nikamwita Zuhura, nikamwambia alete kalamu. Saini yangu ni jina tupu, herufi zimesimama mbalimbali kama watu wasiojuana, lakini benki wanaitambua. Nikaandika. Zuhura akaitazama ile fomu, akanitazama mimi, hakuamini. Akaniuliza, babu, Nesi amekuambia nini? Umeelewa kazi yenyewe?

"Sijaelewa," nikamwambia. "Ichukue kabla sijaelewa."

Ameshaondoka. Mashine nimempa msimamizi wa kuajiri, ananiibia kidogo, nimemvumilia. Zuhura anapiga simu Ijumaa. Wiki iliyopita aliniambia wamefundishwa kutandika kitanda chenye mgonjwa ndani, na alilieleza jambo hilo kwa furaha ambayo sikuiona siku nilipomwonyesha mashine mpya. Nilimwambia, vizuri. Nilipokata simu nikamwuliza mke wangu, kutandika kitanda kuna furaha gani? Akasema mwulize Nesi. Siendi. Nina umri wa kutosha kuwa na jambo moja nisilolijua.

Leo nilivyonavyo ni hivi. Nyumba mbili Ng'ambo, moja naishi, moja nimepangisha. Mashine mbili za kusaga na moja ya kukoboa. Majaruba ya mpunga Kwihara. Mizinga sitini ya nyuki. Ng'ombe tisa walioko kwa shemeji Nzega. Mizani ya chuma, bado inasema kweli. Mke ninaye, yuleyule.